Jezi Iliyopatikana Minago

Kabla ya mambo haya yote nilikuwa nimelichimba neno lenyewe, jezi, siku nzima, bila kujua kwamba lingenirudia vile lilivyonirudia.

Shule moja ya binafsi hapa Rumonge ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza. Direkteri, mkuu wa shule, alinipa nafasi ya kufundisha somo moja la majaribio, na mada akaichagua mwenyewe: mavazi ya michezo. Mtu mwingine angeandika ubaoni soksi, raba, kaptula na jezi, angechora picha, angerudi nyumbani kula. Mimi nilianza kuogopa maswali. Mwanafunzi akiniuliza jezi imeitwa jezi kwa nini, nitamjibu nini? Nikishindwa kujibu, direkteri atafikiri diploma yangu niliiokota. Basi nikanunua mega za intaneti, nikakaa mlangoni ambako simu inashika vizuri, nikasoma mpaka macho yakauma.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amelala kwenye mkeka ndani. Yeye alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye boti za taa, wale wanaotoka jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo mchana wetu ulikuwa usiku wake. Tulizaliwa sote katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, tukarudi Burundi tungali wadogo. Mimi shule ilinishika, yeye ziwa lilimshika. Kiswahili chake kilikuwa kimeshageuka kuwa cha mwaloni, pale boti zinapofikia, nusu Kirundi, nusu cha Wakongo anaokutana nao katikati ya maji.

"Weye dada," alisema bila kufungua macho, "mutu akikuuliza ni saa ngapi, unaanza kumueleza nani alitengeneza saa."

"Jezi ni kisiwa," nilimwambia.

Alifungua jicho moja. "Ni nini?"

Nikamweleza nilichokisoma. Kiko kisiwa baharini, kati ya Uingereza na Ufaransa, kinaitwa hivyo. Tangu zamani watu wake walikuwa mafundi wa kufuma sufu. Kitambaa chao kikapewa jina la kisiwa, kisha ile fulana nzito ya sufu iliyofumwa huko nayo ikaitwa hivyo hivyo. Walioivaa kwanza walikuwa wavuvi na mabaharia, kwa sababu inabana mwili na kuzuia baridi. Wachezaji waliichukua baadaye sana, na kutoka kwao neno likasafiri mpaka Tanzania, mpaka kambini, mpaka kinywani mwetu. Wale ambao hawakukimbia, waliobaki hapa, wanasema mayo, kwa Kifaransa. Ukimsikia mtu wa mwalo wetu akisema jezi, ujue alikula ugali wa kambi.

"Kwa hiyo mimi navaa kisiwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na hiyo nguo ilikuwa ya wavuvi mbele ya wachezaji."

"Ya wavuvi."

Aliinuka akakaa, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona! Kumbe wachezaji ndio walituibia."

Ya kwake alikuwa ameivaa hapo hapo. Mwenye boti, mfanyabiashara wa sokoni, alikuwa amefungua belo la kaguwa, nguo za mitumba, akakuta ndani jezi za timu nzima, rangi ya machungwa, zina maandishi ya kampuni ya matairi ya nchi fulani ya baridi. Akawagawia vijana wa boti yake ili waonekane timu. Mdogo wangu aligombania namba kumi na moja mpaka akaipata. Ilikuwa imechanika begani, nami nikaishona kwa uzi wa zambarau, maana ndio uliokuwemo nyumbani.

Nikaendelea kumsomea. Iliandikwa kwamba kwenye pwani zile kila kijiji kilikuwa na mfumo wake wa kufuma, mafundo yake na mistari yake, ili mvuvi akizama, maji yakamtupa mbali, watu wa huko watazame fulana na kusema: huyu ni wa kijiji fulani, mpelekeni kwao.

"Basi mimi wangenipeleka Ulaya," alisema mdogo wangu huku akijishika kifua, pale penye maandishi ya matairi. "Wangesema huyu ni muzungu, ameungua tu na jua."

Alicheka peke yake. Mama alikuwa uani anachambua ndagala, akasimama mlangoni na ungo mkononi.

"Hayo si maneno ya kusoma katika nyumba ya mvuvi," alisema.

Chini zaidi iliandikwa kwamba wengine wanabisha, kwamba habari hiyo ya maiti na mafundo ni hadithi iliyozuka baadaye, hakuna aliyewahi kuthibitisha. Hilo sikulisoma kwa sauti. Nilifikiri siku ile kwamba halina maana.

Somo nililifundisha. Nilianzia kwenye kisiwa, nikaenda kwenye sufu, na kengele ililia sijafika kwenye soksi. Direkteri alinishukuru kwa Kifaransa kizuri sana. Alipoanza kuongea Kifaransa kizuri, nilijua kazi nimeikosa.

Upepo ulikuja wiki chache baadaye. Ziwa letu linajua kubadilika ghafla, na watu wa hapa hawalipi sifa wala hawalitukani. Jioni ile boti zilitoka kama kawaida. Asubuhi zilirudi moja moja, nyingine bila taa, nyingine zikivutwa. Boti ya mdogo wangu ilirudi imepinduka, imefungwa nyuma ya nyingine, na vijana wake wamekaa kwenye boti za watu wakiwa wamefunikwa vitenge. Mwaloni tulisimama tukiwahesabu kwa macho wakishuka. Kapita, yule anayeongoza kazi ya boti, alishuka wa mwisho. Hakuja kwetu. Aliketi mchangani akageukia maji, na mama aliona mgongo wake akaelewa.

Wawili hawakurudi: mdogo wangu, na kijana mmoja wa Nyanza-Lac aliyekuwa amekuja kutafuta kazi huku, ameacha mke na mtoto mchanga.

Walitafutwa. Boti zilikwenda kusini na kaskazini, simu zilipigwa mpaka Muhuta. Mama alisema Kongo si mbali, siku hewa ikiwa safi milima yake inaonekana, mtu anayejua kuogelea anaweza kutupwa Fizi akahifadhiwa na Wabembe. Tulimtafuta mtu mwenye ndugu kule mjini Baraka, ndugu akauliza huko, hakuna kitu. Mimi nilikuwa nalala na simu kifuani. Nilifikiri: ikiwa yuko hai, simu yake imelowa, namba zetu hazijui kichwani. Ikiwa hajui namba zetu, atampigia nani? Niliweza kuifikiri habari hiyo kuanzia jua kuchomoza mpaka kutua, nikiwa nimekaa mahali pamoja.

Kisha wavuvi wa Minago walileta jezi.

Waliikuta imenasa kwenye nyavu zao. Ndani hamkuwa na mtu. Mmoja aliibeba kwa baiskeli, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaja akiuliza nyumba ya mvuvi aliyepotea. Aliikunjua mbele yetu uani. Rangi ya machungwa, matairi, kumi na moja. Begani, uzi wa zambarau.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa ameshika mambo ya familia. Yeye hakukimbia, alikaa nchi hii miaka yote, na maneno yake ni machache.

"Mwalimu," alinigeukia. Aliniita hivyo ingawa sikuwa na shule. "Huu mushono ni wako?"

"Ni wangu."

"Una hakika?"

Mtu yeyote anayenijua asingeniuliza swali hilo. Lakini niliutazama mshono ule, jinsi nilivyorudia mara mbili pale mwisho kwa kuogopa utafumuka, nikasema, "Ndiyo, baba mkubwa. Hakuna mwingine anayeshona vibaya namna hii."

Wengine walicheka kidogo, kisha wakaanza kulia.

Kwetu, mtu aliyezama asipopatikana, ni shida kubwa. Bila kaburi hakuna matanga ya kuanua, na matanga yasipoanuliwa watu wa nyumba hiyo wanabaki wamekaa tu: hawaoi, hawaolewi, hawafanyi sherehe, hawajui wamhesabu mtu wao upande gani. Lakini ikipatikana nguo aliyokuwa ameivaa siku hiyo, wazee wanakubali izikwe mahali pake. Baba mkubwa alisema Jumamosi tutazika. Akaenda kutafuta seremala.

Jioni mama alikuwa amekaa na ile jezi mapajani, imeshakauka, akiinusa.

"Kile kisiwa," alisema, "wale wanawake waliofuma. Walikuwa wanajua kweli?"

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba aliyeletwa ni wao."

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisoma. "Wengine wanasema ni hadithi tu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mtu anayevua nguo majini," alisema, "anavua ili aogelee."

Nilianza kumjibu, nikaona kwamba hilo hata mimi nilikuwa nimelifikiri, tena tangu dakika ile mfuko ulipofunguliwa. Jezi tupu. Nilikuwa nimeligeuza pande zote na kila upande lilikuwa na mlango. Labda aliivua. Labda maji yalimvua. Samaki hawafungui nguo.

Kapita alikuja kesho yake mchana. Alikuwa hajawahi kukanyaga kwetu tangu ajali. Alibaki amesimama karibu na jiko la nje, akikataa kiti.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Kaa."

"Nitasimama." Alinitazama mimi badala ya mama. "Nimesikia mutazika ile mayo."

"Jumamosi," nilisema.

"Mi naogopa kuzungumuza, lakini nikinyamaza nitaogopa zaidi." Alikohoa. "Kule kwenye boti, mayo haina mwenyewe. Tukifika mahali pa kutega, kila mutu anavua, tunatia zote ndani ya mufuko moja, zisilowe. Tunafanya kazi kifua wazi. Baridi ikikuja, unaingiza mukono, unavuta. Yenye mukono umeshika ndiyo yako mpaka asubuhi. Ni hivyo siku zote. Hakuna mwenye kuchagua, iko giza, iko kazi."

Mama, aliyekuwa anapepeta mchele, aliweka ungo chini.

"Usiku ule," kapita aliendelea, "kumi na moja niliiona. Taa ilikuwa bado inawaka. Iko mbele, inashika kamba. Ilikuwa huyu wa Nyanza-Lac."

"Na mwanangu?"

"Alikuwa nyuma na mimi, anatoa maji. Aliniambia kapita, leo tutakunywa ziwa lote. Alikuwa anacheka, mama. Wimbi likakuja."

"Alikuwa amevaa nini?"

Kapita alifungua mikono yake. "Sikutazama."

Baba mkubwa alikuwa amefika wakati huo, akasikia sehemu ya mwisho. Alimshika kapita mkono akamsogeza pembeni, lakini uwanja wetu ni mdogo na kila neno lilitufikia.

"Haya maneno umeambia nani?"

"Hapa tu."

"Basi yaishie hapa. Hii mayo ni ya kwetu. Namba ni yake. Mushono ni wa dada yake. Seremala ameshapima mbao. Unataka huyu mama akae hivi mpaka afe?"

"Hapana, muzee."

"Uliona usiku, kuna upepo, kuna maji machoni. Unaweza kuapa?"

Kapita alifikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri. "Kuapa hapana," alisema. "Lakini niliona."

Hapo nikajikuta nafanya kazi ile ninayoijua. Nilijiambia: tukiizika, tunaweza kuwa tumemzika mtu wa watu. Tusipoizika, hatujamzika yeyote. Kule Nyanza-Lac kuna mwanamke ana mtoto mgongoni, naye hana hata kitambaa. Lakini kapita hawezi kuapa. Lakini aliona. Na kama mdogo wangu aliingiza mkono mfukoni kabla ya mwenzake, akaivuta hiyo, wakabadilishana baadaye? Na kama... Baba mkubwa aliniita mara mbili kabla sijasikia.

"Mwalimu, sema weye. Umesoma."

Nilifungua kinywa. Mama alisimama, akaikunja jezi mikono ndani, kama nguo inayorudishwa kabatini, akanipa.

"Ipeleke Nyanza-Lac," alisema. "Yule mtoto wa watu ndiye aliyekuwa ndani yake."

"Muke wa ndugu yangu," baba mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "ukitoa hii, hatuna kingine. Unasikia? Hatutaanua."

"Ninasikia."

"Utakaa hivi."

"Nitakaa."

Alirudi kwenye ungo wake. Baba mkubwa alinitazama kama vile mimi ningeweza kuitafsiri sura ya mama ikawa lugha nyingine. Lakini niliona alichokuwa anafanya. Mwanawe hakuwa ndani ya jezi ile, basi hakuwa ndani ya sanduku la seremala, basi alikuwa mahali pengine. Mama alikuwa amejinunulia nafasi hiyo ndogo, naye alijua bei yake kuliko sisi.

Tulikwenda na kapita kwa gari dogo, tukipita michikichi na watu wanaokausha mihogo kando ya barabara. Njia nzima nilishika mfuko kwa mikono miwili. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Tumekuletea jezi. Tumekuletea mumeo. Tumekuletea kitu ambacho labda ni cha mumeo. Kila sentensi ilikuwa na kosa.

Mjane alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi. Familia yao nayo ilirudi kutoka Tanzania, kwa hiyo tulizungumza lugha moja. Kapita aliwaeleza wazee wa mume wake nje, mimi nikabaki naye chumbani. Alitoa jezi kwenye mfuko, akaitandika kitandani. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye namba, kisha kwenye bega.

"Huu uzi nani ameutia?"

"Mimi. Ilikuwa ya ndugu yangu. Lakini usiku ule..."

"Kapita ameshasema. Dada, wewe unaamini ni yeye aliyeivaa?"

Ningeweza kumpa zile njia zote nilizotembea. "Ninaamini," nilisema.

"Mimi sitaki kuamini. Nataka kaburi. Shemeji zangu wananiambia kila siku labda yuko Kongo, labda yuko Kongo. Nimechoka na Kongo." Alifungua kopo la maziwa ambalo ndani aliweka sindano na vifungo, akatoa wembe. "Utanisamehe."

Aliukata uzi wangu wa zambarau, pigo moja moja, kwa uangalifu, asichane kitambaa. Ulipotoka wote aliuweka kando juu ya shuka, akatunga uzi mweupe, akaanza kushona lile bega upya. Mishono yake ilikuwa midogo na sawa, ya mtu aliyefundishwa. Mtoto aliamka, nikambeba, nikazunguka naye chumbani mpaka mama yake alipomaliza. Alikata uzi kwa meno.

"Sasa ni wangu," alisema.

Walimzika siku ile ile jioni, pastori wao alikuwa tayari karibu. Sanduku lilikuwa fupi, maana jezi haihitaji urefu. Watu walilia sana. Mimi nilisimama nyuma na kapita, tukiwa wageni, na nilisubiri machozi yangu yaje, hayakuja. Sikujua ningemlilia nani. Mjane alipomwaga udongo, alitamka jina la mumewe kwa sauti, mara moja, na shemeji zake wakamshika mabega. Baada ya hapo uso wake ulibadilika. Siwezi kusema ulipata furaha. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ameruhusiwa kukaa chini. Alinishika mkono wakati wa kuondoka, akanishukuru: "Murakoze, dada. Murakoze cane." Nilimwonea wivu, na nikajichukia njiani kote kurudi kwa sababu ya wivu huo.

Nilimkuta mama uani. Aliuliza, "Wamezika?"

"Wamezika, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri."

"Haya."

Nilikaa karibu naye, tukachambua ndagala alizozinunua kwa watu, maana nyumba yetu haikuwa na mvuvi tena wa kuzileta. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu pastori, kuhusu mtoto, hata kuhusu uzi. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumamosi ilifika, siku ambayo tungezika. Walikuja vijana wa kanisa, wakasimama getini wakisukumana nani aongee. Wakati wa kutafuta walikuwa wametufungia turubai uani ili wanaokuja kutupa pole wasipigwe na jua, na viti vya plastiki vya kuazima. Sasa mtaa wa pili kulikuwa na harusi, na turubai lilihitajika huko.

"Dada," alisema mmoja, akinitazama miguuni, "tuliuliza tu... kama munaendelea nayo. Ama kama mumemaliza."

Walisubiri. Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi chini ya turubai lile, mgongo kwenye nguzo, na hakugeuka, kama vile swali limeulizwa nyumba nyingine. Baba mkubwa hakuwepo, tangu ile siku hakuwa amekuja. Nilijaribu kufikiri kama kawaida yangu, kutoka neno moja kwenda jingine. Kumaliza tulikuwa hatujaanza, na kuendelea hapakuwa na kitu cha kuendelea nacho. Vijana walikuwa na haraka, bibi harusi alikuwa anakuja kutoka Bujumbura.

"Chukueni," nilisema.

Walifungua kamba pande tatu, wakafika kwenye nguzo ya mama. Mmoja alimwomba samahani, akapitisha mkono juu ya kichwa chake kulifikia fundo. Turubai liliposhuka, jua la saa sita lilimwangukia mama usoni, naye hakuhama.

Niliingia ndani kumletea kanga.